Fundi Asiyejibu Mwangaluka

Asubuhi ile niliamka Kahama, nikanawa uso, nikafunga shuka langu na kuondoka. Sikuwa na safari yoyote. Nilikuwa nimebeba magunia ya mpunga pale mjini msimu mzima na hakuna aliyenifukuza, ila nikikaa mahali mpaka mbwa wa mtaa waache kunibwekea, miguu huanza kuniwasha. Karibu na stendi nilikuta lori limejaa mahindi na mapipa. Nikamuuliza utingo linakwenda wapi.

"Wewe unakwenda wapi?"

"Linakokwenda."

Akacheka. "Linakwenda machimboni, kupita Segese. Panda mbele, kuna nafasi. Ila dereva hapendi maswali."

Dereva alikuwa mzee mwenye shingo nene. Nilimwamkia shikamoo, naye hakunigeukia. Aliitikia marahaba huku akinitazama ndani ya kioo kilichoning'inia juu ya usukani. Niliona macho mawili tu, bila uso. Mwili ukanisisimka, kwa sababu maishani mwangu nilikuwa nimemjua mtu mmoja tu aliyewatazama watu hivyo, na ilikuwa imepita miaka mingi sijasikia habari zake. Basi kuanzia pale mpaka mwisho wa safari, vumbi likiingia kila mahali, sikuwaza kingine.

Alikuwa fundi baiskeli, na sote tulimwita Fundi. Kijiji chake kilikuwa upande wa Kishapu, kwenye udongo mweusi wa pamba. Nilifika huko miaka ile watu walipokuwa wametoka tu kuhamishwa kutoka kwenye makazi yao yaliyotawanyika na kupangwa katika nyumba za mistari, mlango ukitazama mlango. Mimi nilikuwa kijana niliyeacha shule darasa la tano. Sikuwa mjinga sana, ila dirisha la darasa letu lilitazama barabarani. Fundi aliishi na shangazi yake, kikongwe mfupi mwenye sauti kubwa, na walikuwa na chumba cha uani kisicho na mtu. Nikapanga. Fundi akaniita Mpangaji tangu siku ile, wala hakuniuliza jina.

Kitu cha kwanza nilichotaka kujua ni mgongo wake. Ulikuwa mmoja, sijui niseme vipi vizuri zaidi. Mgongo wako na wangu ni kama mnyororo wa baiskeli. Wake ulikuwa bomba la fremu. Akitaka kuokota spana chini, alishuka kwa magoti, kiwiliwili kimesimama wima, kama mtu anayezama majini. Akitaka kukutazama, aligeuka mwili mzima, nyayo kwanza, kama mlango unaofunguliwa pole pole. Na kwa kuwa kugeuka kulimchosha, alikuwa amekusanya vioo vya baiskeli, vile vidogo vya duara vinavyofungwa kwenye usukani, vingine vimepasuka, akavifunga kwa waya kwenye nguzo za kibanda chake. Alifanya kazi ameelekea ukuta. Ukija kwa nyuma na kupiga hodi, mgongo haukutikisika. Ulisikia tu, "Karibu. Rimu ya nyuma imepinda, naiona." Ukitafuta sauti imetoka wapi, unakutana na jicho moja ndani ya kioo hiki, na jingine ndani ya kioo kile.

Wageni waliongea na mgongo. Sisi wazoefu tuliongea na kioo.

Alijua kwamba anatisha, na nadhani alipenda kidogo. Mlevi akipita barabarani akijiimbia, Fundi alikisogeza kioo kimoja kwa ncha ya kidole mpaka mwanga wa jua umpige yule mtu usoni. Mlevi alisimama, akatazama huku na huku, akaona kibanda na mtu aliyempa mgongo, akaondoka haraka bila wimbo. Fundi alicheka kwa mabega. Mdomo haukucheka. Mdomo wake ulikuwa na habari yake peke yake.

Taya liliugua baada ya mgongo, alinieleza. Alipokuwa kijana maumivu yalianza kiunoni, yakapanda. Daktari wa hospitali moja ya misheni, alikolazwa masika mazima, alimwambia kwamba viungo vya uti wake vinawaka kwa ndani na kuungana, pingili kwa pingili, na kwamba kwa baadhi ya watu ugonjwa huo hufika mpaka kwenye bawaba za taya. Fundi alilipenda neno bawaba. Alinishika kidole, akakiweka mbele kidogo ya sikio lake.

"Subiri," alisema kwa meno yaliyokaribiana. Akafungua mdomo kadiri alivyoweza, upana wa kidole changu kidogo. Nikasikia kitu chini ya ngozi kikikwama, kisha kikiruka. Tak. Akafunga. Tak.

"Sasa weka kwako."

Nikaweka kwangu. Kilipita kimya, laini kama mafuta. Kwa mara ya kwanza niliona ajabu kwamba kichwa changu kina mlango na sijawahi kuusikia ukifunguka.

Ile tak ilimtangulia kila mahali. Ilisikika akimeza, akisema neno refu, akikasirika. Usipomwona ndani ya nyumba, ungejua yuko chumba gani. Aliogopa miayo kuliko nyoka. Mwayo ukimjia alidaka kidevu kwa mkono, akafumba macho, akatetemeka mpaka upite. Siku moja nilipiga miayo mbele yake kwa bahati mbaya. "Nenda ukapigie nje huko!" alifoka, mkono tayari kidevuni. Na kweli, wake ulikuja.

Kula kulikuwa kazi. Tonge la ugali alilibapa kwa vidole mpaka likawa jembamba kama kiraka cha tairi, kisha akalisukumiza ndani kwa ubavu. Alipenda michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, ambavyo hata mwenye taya zima huvitafuna kwa jasho. Hakukubali kuviacha. Aliweka kipande shavuni mchana na kukinyonya hadi magharibi, anafanya kazi, shavu moja limevimba. Kwenye sherehe alipokea fungu lake la nyama kama wengine, akalifunga, akaenda nalo nyumbani. Shangazi aliitwanga kwenye kinu pamoja na karanga mpaka ikawa uji. Kwa hiyo majirani walisikia kinu kikilia saa ambazo hakuna mtu anayetwanga, na hawakuona unga ukitoka.

Na kulikuwa na vile vijiti. Daktari alimpa vijiti bapa, vile wanavyokandamizia ulimi wakitazama koo, akamfundisha avipange pamoja kati ya meno ya mbele na kuongeza kimoja kimoja, taya lisije likalala moja kwa moja. "Ukiliacha lipumzike, litakuzoea," ndivyo daktari alivyosema, na Fundi alikuwa akiyarudia maneno hayo kwa kila kitu: kwa baiskeli iliyoegeshwa muda mrefu, kwa watu wavivu, kwangu mimi alipodhani nimeanza kuota mizizi. Vijiti vya daktari vilipokwisha alichonga vyake kutoka kwenye sanduku la sabuni. Alivitumia nyuma ya nyumba, lakini nyumba za mistari hazina nyuma. Mtu aliyemwona amekaa peke yake, macho yamefumbwa, rundo la vijiti limesimama mdomoni, hakwenda kuwaambia wenzake kwamba ameona tiba.

Tatizo kubwa lilikuwa asubuhi. Ugonjwa ule ulikuwa kinyume cha magonjwa ninayoyajua: kazi ilimtuliza, kulala kulimuumiza. Kabla hakujapambazuka maumivu yalimwamsha, akatoka kutembea kando ya mashamba ya pamba, mikono imeshuka, kichwa hakigeuki, mpaka mwili ulainike. Zamani, kila mtu alipokaa mbali na mwenzake na ua wa minyaa katikati, nani angemwona? Sasa walimwona. Na asubuhi hakuweza kusema. Taya lilikuwa limeshikana kabisa, na halikuachia mpaka jua lipande.

Kwa Wasukuma salamu ni kitu kizito. Asubuhi mtu anakwambia mwangaluka, na usipomwitikia ni kama umemtemea mate. Fundi alimtazama tu, kwa kioo. Lakini mchana, salamu ikibadilika kuwa mwadila, aliitikia vizuri, akauliza habari za watoto, za ng'ombe, za mvua, akataka na umbeya juu yake. Alipenda umbeya huyo mtu! Aliubakiza mdomo wake kwa ajili ya kazi mbili, kula na umbeya, na nadhani umbeya ulikuwa wa kwanza.

"Haitikii mwangaluka," watu walisema. "Anaitikia mwadila tu."

Na kila mtu kule alijua maana yake. Kuna watu, wanasema, wanaozikwa kumbe hawakuzikwa. Mchawi huwachukua, huwakata ulimi wasije wakamtaja, huwalisha pumba, huwaficha darini mchana na kuwalimisha usiku. Hao ndio misukule. Msukule hutembea mkavu, akiitwa hageuki, na asubuhi hana nguvu hata ya kuitikia salamu, kwa sababu ametoka kulima usiku kucha.

"Lakini Fundi hajawahi kufa," nilimwambia mtu mmoja kwenye pombe.

"Alikwenda hospitali, hakwenda?"

"Alikwenda."

"Akakaa masika mazima?"

"Alikaa."

"Basi. Nani anajua ni nini kilichorudi?"

Hata mimi, nikikutana naye kwenye ukungu wa alfajiri, uso wake mgumu, mdomo umefungwa, nilipisha njia. Nilijua kila kitu kuhusu bawaba zake na bado nilipisha njia.

Kisha kulikuwa na jicho. Mara moja moja jicho lake moja liliwaka jekundu kama kaa la moto, mwanga ukamuuma, akakaa ndani mlango umefungwa. Hilo nalo lilitokana na ugonjwa uleule wa mgongo, daktari alimwambia. Watu walibishana sana juu ya hilo jicho. Macho mekundu ni ya mchawi, walisema wengine, msukule hana macho mekundu. "Basi atakuwa vyote viwili," alisema mzee mmoja, "anajituma mwenyewe." Walicheka. Lakini kicheko kilipokwisha, walirudi palepale: msukule hana kosa lolote, mwenye kosa ni anayemfuga. Na katika nyumba ile, mbali na Fundi, aliyekuwapo ni shangazi, mjane, kikongwe, mwenye macho yaliyokuwa mekundu kwa moshi wa samadi aliyopikia. Kule wanawake wa namna hiyo walikuwa wakikutwa asubuhi wamekatwakatwa, na hakuna aliyeona kitu.

Fundi aliyajua hayo yote, maana umbeya wote ulimfikia. Jambo nisilolielewa mpaka leo ni kwamba hata hivyo alitania.

Nyumba iliyotazamana nasi ilikuwa ya Baba Shija. Mwanawe, Shija, alikuwa kijana mwenye kelele, mcheza ngoma, asiyeogopa mtu. Mchana mmoja alileta baiskeli yake, wenzake wamesimama nyuma wakibinyana.

"Fundi, mwadila."

"Mwadila, mwanangu."

"Fundi, watu wanasema ulikufa. Ni kweli?"

Tak. Jicho likamtazama kutoka kwenye kioo kilichopasuka. "Kweli."

"Lini?"

"Juzi. Ulikuwa shambani, ndiyo maana hukusikia kilio."

Wenzake wakaangua kicheko. Shija hakushindwa. "Na huko kukoje?"

"Kuzuri. Kimya. Hakuna watoto wa Baba Shija."

Shija mwenyewe ndiye aliyecheka kuliko wote. Aliurudia utani ule kijiji kizima, akiigiza ile sauti ya meno yaliyobanana, na ile tak akiipiga kwa ulimi.

Mvua zilipoisha homa ilimkamata. Ikampanda kichwani, akaanza kukakamaa. Mwishowe meno yake yalibanana, wakajaribu kumpa dawa kwa kijiko na hayakuachia. Waliokuwapo waliliona hilo na kulisema walipotoka nje. Shija akafa taya limefungwa.

Baba yake hakulia msibani. Alikaa akitazama upande wetu.

Walikuja asubuhi, saa ambayo Fundi hakuwa na mdomo. Kamanda wa walinzi wa kijiji alikuwa mbele na filimbi yake shingoni, nyuma yake wanaume kwa marungu na mishale, nyuma yao wanawake. Nilipotoka nilikuta tayari wamerundika mashina makavu ya pamba mlangoni kwa shangazi, yale tunayong'oa na kuchoma kila mwisho wa msimu. Fundi alikuwa amesimama kibandani, ameelekea ukuta wake. Vioo vyote vilikuwa vimejaa watu.

"Mwangaluka, mayu," kamanda alisema, akimwita shangazi mama kwa heshima.

"Mwangaluka," alijibu shangazi. Alikuwa amesimama mbele ya yale mashina kana kwamba ni mzigo wake aliouleta mwenyewe.

"Hatukuja kwa ubaya. Mtoto wako atutolee ulimi, tuuone, twende tukalime."

"Ulimi anao."

"Basi autoe."

"Asubuhi hafunguki. Njooni mwadila."

Mtu mmoja akacheka kwa nyuma. "Hata duka la kijiji hufunguliwa mapema kuliko mtu huyu!"

Baba Shija hakucheka. Alisogea mpaka karibu na kibanda, akasema bila kupaza sauti, "Alimwambia mwanangu kwamba huko aliko hakuna watoto wa Baba Shija. Sasa wangu yupo. Nataka niuone ulimi uliosema vile. Na kama haupo, basi mtuambie aliyesema alikuwa nani."

Yule mcheshi alirudi nyuma ya wenzake.

Shangazi akamgeukia kamanda. "Nyumba mtachoma. Na mimi humo ndani, najua. Ila jua lipande kwanza. Sijaomba kingine."

Kamanda alimtazama, akatazama jua. Akauchoma mkuki wake ardhini. "Kivuli kikifika kwenye jiwe lile," alisema.

Nilichemsha maji. Shangazi alichovya kitambaa, akakikamua, akamkanda Fundi mbele ya masikio, huku na huku, akirudia rudia, mvuke ukipanda usoni mwa wote wawili. Fundi alitoa vijiti vyake mfukoni. Mnong'ono ukapita kwa watu walipoviona. Akavisogeza kwenye meno ya mbele, akasukuma. Havikuingia. Akakandwa tena. Kikaingia kimoja, kwa ncha. Kisha cha pili juu yake. Alikuwa bado ametupa mgongo, tukimtazama ndani ya vioo vyake, kila kioo na kipande cha uso: shavu, jicho, meno, jasho.

"Ageuke!" mwanamke mmoja alipiga kelele. "Kioo kinadanganya! Ageuke tumwone!"

Akageuka, nyayo kwanza, pole pole, kama mlango. Watu wa mbele wakarudi nyuma.

Kivuli kilikuwa kimelikaribia jiwe. Fundi aliongeza kijiti kingine, akakigonga kwa mpini wa bisibisi. Damu ikatoka kwenye ufizi. Shangazi alisema, "Basi, mwanangu, basi," na hiyo ndiyo mara pekee niliyomsikia akiongea kwa sauti ndogo. Fundi akagonga tena.

Haikuwa tak. Ilikuwa sauti nyingine, nzito, kama tawi linalovunjika ndani ya maji. Vijiti vikaanguka. Mdomo ulikuwa wazi kuliko nilivyowahi kuuona, na ndani yake, mweupe, ukitetemeka, ulimi ukatoka.

Hakuna aliyesogea isipokuwa Baba Shija. Alikwenda mpaka usoni kwa Fundi, akanyoosha vidole viwili, akaushika ule ulimi, kama mnunuzi anavyoshika ulimi wa ng'ombe mnadani. Akaushikilia. Fundi alimtazama machoni, mara hii bila kioo.

"Una joto," alisema Baba Shija.

Akauachia, akatazama vidole vyake, akakaa chini kwenye vumbi na kuanza kumlilia mwanawe. Alilia kwa sauti, hatimaye, na wanawake wakaja wakamzunguka. Kamanda akang'oa mkuki. Watu wakaanza kutawanyika, wengine wakibeba tena yale mashina ya pamba. Nami nilikuwa nimeanza kupumua niliposikia mtu akimwambia mwenzake, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anauliza njia:

"Sasa kama si yeye, ni nani?"

Wale waliokuwa karibu wakatazamana. Kisha, mmoja mmoja, macho yao yakaja kwangu: mgeni, asiye na ukoo pale, aliyefika bila safari, ambaye hakuna aliyejua alitoka wapi.

Shangazi aliisikia ile sauti na aliyaona yale macho. Siku ya mnada uliofuata, kijiji kilipokuwa mnadani, walifunga mizigo kwenye baiskeli wakaondoka. Hawakuniambia wanakokwenda, na mimi sikuuliza, maana nilikuwa nafunga shuka langu. Kibandani kilibaki kioo kimoja. Kilikuwa kimegeuzwa, kinatazama barabarani.

Lori lilitushusha machimboni alasiri, mbele ya Segese, mahali ambapo sikuwahi kufika. Turubai, vibanda vya nyasi, wanaume weupe kwa vumbi wakitwanga mawe kwenye vinu vya chuma. Mashimo yao, waliyoyaita maduara, yalikuwa wazi kila upande, na sauti za watu zilitoka chini ya ardhi. Nikamuuliza utingo mahali pa kulala.

"Kuna fundi kule mwisho, ana chumba. Ila usishtuke ukimwona."

"Wachimbaji hawamwogopi?"

"Huku? Huku kila mtu ana lake."

Nilijua kabla sijafika. Kibanda kilikuwa na vioo zaidi kuliko zamani, vingine vya magari. Mgongo ulikuwa uleule, umenyooka, umeelekea ukuta. Nilisimama nikasikiliza ile tak. Haikuwapo. Na jicho lilikuwa limeshaniona.

"Mpangaji," alisema.

Aligeuka. Taya lilikuwa limefungwa, na lilionekana halitafunguka tena. Lakini meno ya mbele yalikuwa hayapo, juu na chini. Palikuwa na dirisha, na ndani ya lile dirisha ulimi wake ulitembea akiongea, wazi kwa kila mtu, kama kitu kinachokaa humo.

"Kitu kilikatika siku ile," alisema. Sauti ilipiga mluzi kidogo. "Likafunga, halikurudi. Nikang'olewa haya, uji upate pa kupita." Mabega yakatikisika. "Na atakayetaka kuuona ulimi, auone tu. Asubuhi, mchana."

"Shangazi?"

"Alilala humo ndani, kiangazi kilichopita. Hakuamka." Akaizungusha spana mkononi. "Kitandani kwake, Mpangaji. Hakuna mtu aliyemgusa. Nilimfunga kidevu kwa kitambaa mimi mwenyewe, mdomo usibaki wazi. Taya lake lilikuwa laini kabisa."

Niliinamisha kichwa. Kisha nikauliza kama chumba bado kipo.

"Kipo. Ndicho cha kwake." Akageuka ukutani, kwenye kazi yake, na kwa ncha ya kidole akakisogeza kioo kimoja mpaka nikajiona humo. "Fungua mdomo."

"Ah, Fundi!"

"Fungua. Wewe ndiye uliyebaki hujaonyesha."

Nilisubiri mabega yatikisike. Hayakutikisika. Nikafungua mdomo, nikautoa ulimi, na jicho lake likautazama kwa muda mrefu kuliko utani unavyohitaji.

"Haya," alisema. "Ingia."

Chumba kilikuwa kidogo, kimefagiwa, kitanda cha kamba pembeni. Niliweka shuka langu, nikakaa. Nje alianza kugonga rimu. Nikaweka kidole mbele ya sikio, nikafungua na kufunga, nikisikiliza. Kimya. Kisha nikaingiza kidole mdomoni na kuugusa ulimi wangu, na ilinibidi nisubiri kidogo kabla ya kuamini kwamba una joto.